Kompyuta ya Mazoezi ya Shangazi

Shangazi wa mume wangu alikuwa na kazi ya kutafuta mizigo iliyopotea, na aliifanya akiwa ameketi sebuleni kwake, miguu juu ya kigoda, hedifoni kichwani. Miguu ile ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa sukari. Ukiibonyeza kwa kidole, alama inabaki. Lakini sauti yake ilikuwa nzima. Mteja anapiga simu akitukana, mzigo wake haujafika, na Shangazi anamwacha atukane mpaka apumue, halafu anamuuliza, "Umemaliza, baba? Haya, sasa niambie boksi lilikuwa na rangi gani." Wenzake kazini walimwita Bibi Mizigo. Alilipenda jina hilo kuliko lake la kuzaliwa.

Mume alikufa mapema, watoto hakujaliwa. Kaka yake alipofariki akamchukua mtoto wa kaka akamlea, na huyo ndiye mume wangu. Tulikuwa tunaishi kwake: yeye chumba cha mbele, sisi na mtoto wetu chumba cha nyuma, katikati korido nyembamba ambayo ukipita na beseni lazima ulibebe kwa ubavu. Mtoto alikuwa hajaota hata jino moja.

Shangazi ndiye aliyempeleka mume wangu kwenye kampuni ya vifurushi anakofanya kazi yeye, akamshika mkono mpaka mbele ya meza ya bosi wa zamani, akasema, "Huyu wangu, mjaribuni." Wakamjaribu, wakamwona anafaa, wakampa kusimamia kompyuta za timu nzima.

Baadaye kampuni ilifunga ofisi, ikawarudisha watu wote majumbani na kuwapangia kompyuta za mtandaoni. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Kilichopo mezani kwako ni kioo, kibodi, mausi na kisanduku kidogo tu. Kompyuta yenyewe, na kila kilichomo, iko mbali kwenye jumba la mashine, nawe unaingia humo kwa nenosiri lako. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuzitengeneza. Alikuwa na kompyuta moja aliyoiita kompyuta mama. Humo anapanga kila kitu kinachotakiwa, halafu kutoka kwayo anatoa nyingine za kufanana, kama mfyatua matofali na kalibu yake. Mtu mpya akija, anamfyatulia ya kwake. Mtu akiondoka, anaifuta. Anaketi chumbani kwetu, mgongo kwa kitanda, na timu nzima ipo mikononi mwake.

Timu walimwita Mpole. Mtu amesahau nenosiri, amekasirika, anapiga simu akifoka. Mume wangu anasema maneno mawili tu kwa ile sauti yake ya chini na yule mtu anaanza kuomba radhi. Hata mimi ndiyo iliyonipata, ile sauti.

Meneja mpya alipokuja akaleta sheria. Kompyuta isipoguswa kwa dakika chache inajifunga yenyewe, na jina la mwenyewe linawaka jekundu kwenye kioo cha meneja. Kwa vijana si neno. Lakini mtu mwenye sukari haja ndogo haimpi nafasi, na kutoka sebuleni mpaka chooni ni safari kwa miguu kama ile. Anakwenda akishika ukuta, anarudi akishika ukuta, anakuta kioo kimefungwa na ujumbe wa meneja unamngoja.

Basi akabuni lake. Alichukua uzi wa kushonea, ncha moja akaifunga kwenye mausi, nyingine kwenye feni ya kusimama. Feni ikigeuza shingo huku, inaivuta mausi kidogo. Ikirudi, kijilastiki cha nywele zangu kinairudisha. Huko kwenye kioo mshale unacheza, na yeye yuko chooni kwa raha zake.

Siku mume wangu alipoiona aliegemea mlango. "Shangazi, hii feni inampepea nani?"

"Inampepea mausi. Ana joto."

Tulicheka wote. Mume wangu alicheka mpaka akajifuta macho, na naamini siku ile alicheka kwa kweli.

Nilikuwa namwogesha mtoto jikoni aliponifuata na habari. Alisimama nyuma yangu, akashika taulo.

"Meneja ameiona mausi ya Shangazi," akasema.

"Ameiona vipi na yuko mbali?"

"Kila mwendo unaandikwa. Inakwenda kushoto, inarudi kulia, umbali uleule. Binadamu hasogezi mausi namna ile."

"Ameiona mwenyewe, au ameonyeshwa?"

Alilikunja lile taulo mara mbili. Mtoto alikuwa anapiga maji kwa viganja na kunirushia usoni.

"Wanataka kupunguza mtu mmoja," akasema. "Aliniuliza kama nimeona mwenendo wowote wa ajabu. Ningesema sijaona, ningeonekana sijui kazi. Na kuna timu ya pili inataka msimamizi, mama mtoto. Unataka tukae chumba cha nyuma mpaka huyu aoe?"

"Utamwambia lini?"

"Mimi simwambii mtu. Kuna utaratibu."

Utaratibu wenyewe nilikuja kuuona kwa macho. Kampuni ile haikumwambia mtu kwanza ndipo ikafunga kompyuta yake. Ilifunga kwanza. Waliogopa mtu akijua atanakili majina ya wateja aende nayo kwa wengine. Kwa hiyo msimamizi alitakiwa ampigie mtu huyo simu ya kuulizia hali ya kompyuta yake, amweke kwenye mazungumzo, amchangamshe, mikono yake isipate muda wa kufanya kitu, na huku yeye anafuta. Kazi hiyo ilimpendeza meneja ifanywe na Mpole. Nami nilikuwa nimemsikia mara nyingi akiongea na watu kwa ukarimu ule, nikafikiri, mume wangu ana moyo.

Asubuhi ya siku yake nilikuwa koridoni, mtoto mgongoni, nakunja nepi. Mlango wa kwetu ulikuwa umerudishwa nusu. Simu ikalia sebuleni, kwenye hedifoni ya Shangazi, nami nikasikia huku na huku, sauti mbili za nyumba moja.

"Habari za asubuhi, mama. Unazungumza na kitengo cha kompyuta."

"Eh, baba, si utoke tu uje huku? Chai yako inapoa."

"Mazungumzo haya yanarekodiwa, mama. Naomba nikuhudumie kwa simu."

Shangazi akacheka kwa raha. "Haya, nihudumie, mheshimiwa."

"Kompyuta yako inaendeleaje? Kuna chochote kinachokusumbua?"

"Inajikokota. Nikifungua orodha ya ghala, naweza kwenda sokoni nikarudi."

"Pole sana. Hebu nieleze taratibu. Inaanza kujikokota ukibonyeza wapi?"

Naye akaeleza. Alieleza kwa urefu, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Alieleza orodha ya ghala, akaeleza maandishi madogo, akaeleza jinsi anavyopanga mizigo yake kwa mafungu: ya vyakula kwanza kwa sababu inaoza, kisha dawa, kisha nguo. Nilimwona mume wangu kupitia uwazi wa mlango. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye hedifoni, ameishikilia sikioni kama mtu anayesikiliza kwa makini. Mkono wa kulia ulikuwa unabonyeza. Kioo kikamuuliza kitu, akabonyeza. Kikamuuliza tena, akabonyeza.

"Ndiyo, mama. Endelea, nakusikia."

"Imezima," Shangazi akasema. "Imekuwa nyeusi tii."

"Ni mimi, naishughulikia. Usiguse chochote."

"Nikae tu?"

"Kaa tu, mama. Subiri."

Akakaa. Hakuvua hedifoni, asije akaitwa asisikie. Nilimpelekea chai, akanywa akiwa amekisogeza kipaza sauti pembeni ya mdomo. Saa za chakula mume wangu alipita pale sebuleni na sahani yake, Shangazi akamwangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Bado, baba?"

"Bado, Shangazi. Usiiguse."

"Kuna dawa za mtu kule ndani, zimekwama ghalani. Ni za kifafa. Nilikuwa nimeshajua ziko kibanda gani."

"Zitashughulikiwa," akasema, akaongeza chumvi.

Taarifa ya kumwachisha kazi ilikuwa imetumwa. Ilitumwa kwenye barua pepe yake ya kazini, na barua pepe ya kazini ilikuwa ndani ya kompyuta iliyofutwa. Nilimuuliza mume wangu sasa ataisomaje. Akasema utaratibu ni kutuma. Kusoma ni shauri la mhusika. Timu nao waliambiwa Bibi Mizigo ameomba kupumzika kwa sababu ya miguu. Baadhi walituma salamu za pole, huko huko kwenye kompyuta ambayo haipo.

Kesho yake aliamka, akaoga, akavaa blauzi ya kazi, akaketi mbele ya kioo cheusi. Mchana akasinzia na hedifoni kichwani. Nilishindwa. Ulimi uliniwasha siku nzima, na jioni alipokuja jikoni kuonja chumvi nilimwambia.

"Shangazi, ile kompyuta haitawaka. Wamekuachisha. Yeye ndiye aliyeizima."

Aliweka kijiko chini polepole. "Nani?"

"Mwanao."

"Amekuambia yeye?"

"Nilimwona."

Aliniangalia kutoka kwenye kilemba mpaka kwenye kandambili. "Wewe ulipokuja hapa ulikuja na begi moja na tumbo," akasema. "Sikukuuliza neno. Nilikupa godoro. Leo umekaa, umeshiba, unataka kunitenganisha na mwanangu?"

"Shangazi, sitaki—"

"Mwanangu hajawahi kunidanganya. Amesema nisubiri."

Akamwita. Mume wangu akaja, akasimama kati yetu wawili. Shangazi akamweleza nilichosema, neno kwa neno, bila kuongeza. Nilimtazama machoni, nikidhani sasa amebanwa, atasema. Akaniwekea mkono begani.

"Mke wangu amechoka, Shangazi," akasema kwa upole. "Mtoto hamlazi. Msamehe. Kesho itawaka."

Nilipofungua mdomo, vidole vyake vilibonyeza bega. Si kwa nguvu. Ilitosha.

Na kweli iliwaka. Kampuni ilikuwa na kompyuta moja ya kufundishia wageni, inaitwa ya mazoezi. Kila kitu humo kinafanana na cha kazini, orodha, ghala, mafungu, lakini mizigo yake si mizigo, na wateja wake ni sauti zilizorekodiwa. Sauti inalalamika, inanyamaza ili mgeni ajibu, halafu inashukuru. Na kila jioni kompyuta hiyo inajisafisha, inarudi ilivyokuwa mwanzo, ili mgeni wa kesho aikute mpya. Mume wangu alimfungulia mlango wa hiyo.

"Unaona?" Shangazi aliniambia, kioo kimemwangaza uso wote. "Unaona, mama wa maneno?"

Siku ile alifanya kazi kama msichana. Alinisimulia mezani, maana kwa mume wangu hakutaka kujisifu, kwamba wateja wamekuwa na adabu siku hizi. Hakuna hata mmoja aliyemtukana. Kulikuwa na mama mmoja aliyepotelewa na cherehani, anaongea vizuri, sauti kama ya mwalimu. Alimtafutia cherehani lake akalipata. Mume wangu alitafuna, akasema, "Hongera, Shangazi." Mimi niliinama kwenye sahani yangu.

Kesho yake alikunja uso kidogo. "Yule mama wa cherehani amepiga tena," akasema. "Limepotea tena. Watu wa ghala hawa." Akamtafutia, akalipata palepale.

Siku iliyofuata nilikuwa nafagia korido. Nikamsikia.

"Ndiyo, mama. Cherehani. Najua." Kimya. "Sikiliza, mama. Cherehani lako nimeliuza."

Kimya, kile cha kumngoja mgeni ajibu. Kioo kilikuwa na spika ndogo, nayo alikuwa ameiacha wazi. Sauti ya yule mwanamke ikatoka, safi, yenye furaha.

"Asante sana. Umenisaidia mno. Siku njema."

Shangazi hakusogea. Feni ilikuwa inageuza shingo, inavuta uzi, inaachia. Baadaye akainama, akaufungua uzi kwenye mausi, akauzungushia kidoleni. Nilijua amejua. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikangoja apige kelele, aite mtu, aniite mimi aniombe radhi basi. Hakuita mtu. Akabonyeza, yule mama akaanza upya kulalamika, na sauti ilipofika mahali pake pa kunyamaza Shangazi akaongea naye.

"Na mimi nilikuwa na cherehani," akamwambia. "La mguu. Nililiuza kaka yangu alipofariki, ili nikae nyumbani na mtoto. Alikuwa anaogopa kulala peke yake. Nilikuwa namshika sikio mpaka analala. Sikio la kushoto."

"Asante sana. Umenisaidia mno. Siku njema."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Anavaa blauzi, anaketi, anafungua simu moja baada ya nyingine. Kila sauti anaisubiri inyamaze, anaisimulia kipande. Bwana mmoja wa majembe alisimuliwa siku ya harusi. Binti wa vitabu alisimuliwa jinsi mume alivyoanza kukohoa. Wote walishukuru. Nilikuwa nakuja na mtoto nakaa chini mlangoni, nasikiliza, yeye ananiona na hanifukuzi, lakini neno la mimi na yeye halikuwepo. Mimi nilikuwa nimemwambia kweli, na hilo hakunisamehe.

Kwa mume wangu hakubadilika hata kidogo. "Chai yako, baba." "Umekula, baba?" Naye akaamini mambo yametulia. Aliniambia chumbani, "Unaona? Kila mtu ana amani. Ungeniachia tangu mwanzo."

Kisha meneja akapitia orodha ya kompyuta, akaona ile ya mazoezi inawaka mchana kutwa na hakuna mgeni anayefundishwa. Akauliza. Mume wangu akasema ni kosa dogo, atalirekebisha. Akalirekebisha kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Alikuwa ameanza kushughulikia timu ya pili, ana mambo mengi, na nafikiri hakukumbuka hata kupanga uongo.

Asubuhi Shangazi aliketi, akaandika nenosiri lake kwa kidole kimoja. Badala ya orodha yakaja maneno. Akaniita nimsomee, kwa kuwa miwani ilikuwa chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu siku ile ya jikoni. Nikamsomea: hakuna kompyuta iliyotengwa kwa jina hili, wasiliana na msimamizi wako.

"Rudia."

Nikarudia.

Akajiweka sawa kwenye kiti, akaiteremsha miguu kutoka kwenye kigoda, mmoja mmoja. "Msimamizi," akaita.

Mume wangu alitoka na mswaki mdomoni. "Naam, Shangazi?"

"Sikukuita wewe. Nimemwita msimamizi. Kioo kinasema niwasiliane naye."

Akanitazama mimi, kana kwamba nimempangia. Akautoa mswaki. "Shangazi, tukae tuongee."

"Msimamizi, kompyuta yangu iko wapi?"

Akaugeuza mswaki mkononi. Halafu ile sauti ikatoka, ya chini, laini, ya kazini, na alipoianza alionekana kupata nafuu, kama mtu aliyepata pa kushika.

"Mama, kompyuta yako ilifutwa kwa kuwa ajira yako imefika mwisho. Taarifa ilitumwa kwenye barua pepe yako."

"Ile iliyokuwa ndani ya kompyuta."

"Ndiyo, mama. Pole kwa usumbufu."

"Nashukuru kwa kunijulisha," Shangazi akasema. "Sasa niitie mwanangu. Nina neno naye."

Mume wangu alibaki amesimama, povu la dawa ya meno pembeni ya mdomo. Nilimngoja. Nilitaka kwa nafsi yangu yote atokeze mtu pale, apige magoti, atoe udhuru, hata akasirike. Simu ikalia chumbani.

"Kuna mtu kwenye laini," akasema. Akarudi ndani, akafunga mlango. Baada ya kidogo tukamsikia anamjulia mtu hali, taratibu, anamuuliza kompyuta yake inaendeleaje.

Shangazi alivua hedifoni, akaiweka juu ya kibodi.

"Alikuwa mtoto wa makelele," akasema, akiutazama mlango. "Akitaka kitu anapiga mayowe, majirani wanamchukia. Nikamkalisha. Nikamwambia shusha sauti, baba, ongea polepole, watu watakupa unachotaka. Nilimfundisha mwaka mzima."

Mtoto alikuwa ameamka mgongoni kwangu na kuanza kulia, kwa nguvu, mikono imekunjwa. Nikaanza kumtikisa na kumwambia shh. Shangazi akaukamata mkono wangu.

"Mwache," akasema. "Mwache apige kelele."